Makaburi Hayafundishi

Nyinyi mnaokwenda chuo mwaka huu, nawaona. Mnapita hapa Bilele mbele ya kibaraza changu na mabegi mapya ya magurudumu, mama zenu wamebeba ndoo na pasi, baba zenu wako kwenye simu wanauliza bei ya godoro. Kila kitu kimenunuliwa: chandarua, mashuka, sabuni, blanketi zito utadhani Dodoma kunaanguka barafu. Nikiwauliza, "Na mazungumzo mmefanya?" mnacheka na kuongeza mwendo. Haya, chekeni. Leo mtanisikiliza, maana nimeuza dawa mtaa huu tangu nikiwa binti mpaka mvi zikanijaa kichwani, na kuna mambo niliyaona nyuma ya kaunta ambayo sipendi mje kuyaona wenyewe.

Wengi mnanijua kwa mdomo wangu. Sawa, ninao, sikatai. Lakini kazi ya duka la dawa nilifundishwa na mtu mkimya kuliko wote Bukoba nzima, Mzee Kamugisha, tabibu mstaafu wa Kanazi aliyekuwa mwenye duka. Wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Mwamvita, mteja haangaliwi usoni. Angalia mikono." Nikaona maneno ya wazee hayo. Kumbe! Mtu anayeumwa kichwa kweli anakuja amekunja uso, anatupa hela, anameza hapo hapo, anaondoka. Lakini kuna yule anayenunua Panadol halafu haondoki. Mikono inagusagusa kaunta. Anauliza bei ya pamba. Anasoma kalenda ya ukutani kama vile kaandikiwa yeye. Huyo, Mzee alisema, mpe Panadol yake, mgeuzie mgongo, jifanye unapanga rafu, atasema mwenyewe.

Na walisema. Kuna kijana mmoja alinunua Panadol mara tatu asubuhi moja, kichwa kimoja hicho! Mara ya nne akainama: "Mama, na zile zipo?" Zile. Kila mtu alikuwa na jina lake la kondomu. Wengine soksi, wengine mpira, na mzee mmoja mwenye heshima zake aliziita "vile vifaa vya serikali." Mimi nafunga kwenye gazeti, natoa, sicheki. Kucheka ni baada ya mteja kukata kona.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la ujinga wa kupenda kupamba. Nilipanga zile boksi dirishani, kwenye kioo, jua la asubuhi linazipiga vizuri, nikajiona fundi. Mzee Kamugisha akaja, akachukua pakiti moja, akaibonyeza kwa vidole, akasema neno moja tu: "Umezipika." Akatupa zote. Nilitaka ardhi ipasuke. Ndipo nikajua mpira unauawa na joto, na kwamba yule kijana anayeweka kondomu kwenye pochi akaikalia mwezi mzima anajidanganya. Shikeni na haya mengine, kwa kuwa tupo: soma tarehe, bonyeza pakiti usikie hewa ndani, usifungue kwa meno, usivae mbili kwa pamoja ukidhani ndiyo usalama zaidi. Na mafuta! Mafuta ya mgando, losheni, ya nazi, yote hayo yanaula mpira, unapasuka katikati ya shughuli nawe hujui kwa nini. Kama ni kulainisha, kuna vilainishi vya maji, uliza dukani. Naona yule pale anaangalia chini. Inua uso, hakuna aliyekutaja.

Mtasema Bi Mwamvita anatufundisha uhuni. Sikilizeni. Anayetaka kusubiri asubiri, ni jambo jema na asichekwe na mtu. Lakini hata anayesubiri anahitaji kujua, maana siku ya kuacha kusubiri haipigi hodi.

Siku moja wauza dawa tuliitwa semina. Mwezeshaji ametoka Dar, kijana safi, anatoa ndizi kwenye mfuko: "Tutajifunza kuvalisha kwa kutumia hii." Ndizi, Bukoba! Ukumbi ulichafuka. Akina mama wakaanza kubishana kama hiyo ni ya kupika au ya kuivisha, mwingine anauliza kwa nini kaleta moja tu, mgeni mwenye adabu huja na mkungu. Kijana wa watu jasho linamtoka. Mwisho wa somo kuna mtu aliimenya akaila. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ila niliporudi dukani kicheko kilinikauka, nikawaza: sisi wauza dawa tunaitwa semina. Wanafunzi wanaambiwa juu juu darasani. Wazazi je, nani amewaita?

Wazazi wanapenda sana kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wanaisema kwa kumtisha mtoto, kidole juu, wakati ile methali inawasema wao! Nikiwaambia hivyo wananuna. Nuneni, mimi nimestaafu, sitegemei mteja.

Sasa niwape habari ya Ta Pastory.

Ta Pastory, Ta ni kama kusema Mzee kwa Kihaya, alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kule Buganguzi, wilaya ya Muleba, Mkatoliki hasa, mtu wa jumuiya na misa ya kwanza. Kwangu alikuja kununua dawa za presha. Hakuja mikono mitupu, daima na ndizi, na mimi simwachi bila kumtania. "Ta Pastory," namwambia, "nyinyi Wahaya mnadhani Mungu aliumba mgomba, kisha akapumzika." Naye anajibu, "Na nyinyi Waswahili mnadhani aliumba chai." Tulielewana sana.

Siku hiyo alikuja na binti yake wa kwanza, Advera, mrefu, mpole, ana sauti ya kwaya. Kapata chuo Mwanza, kesho yake asubuhi anapanda basi. Nikampongeza, nikampa na sabuni ya bure. Kisha nikauliza lile ninalouliza kila mzazi: "Shangazi zake wameshakaa naye?"

Niwaeleze, maana siku hizi hamjui hata mila zenu. Kwa Wahaya mambo ya mwili baba hayasemi, na mama naye anaona haya. Mwenye kazi hiyo ni dada wa baba, ndiye wanayemwita tatenkazi. Anamchukua binti pembeni, anamwambia yote bila kuzunguka. Baba anabaki na heshima yake, mama na yake, na binti anaondoka anajua.

Ta Pastory akakunja midomo. "Shangazi zake wako kibanjani," akasema.

Huko wafu wanazikwa kwenye kibanja, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Kagera hii, wanangu, ilipigwa na ukimwi wakati dunia haijajua hata jina lake. Uliwamaliza watu wazima wa rika zima, na kwenye lile rika ndiko walikokuwa akina shangazi. Baba zenu na mama zenu wengi walilelewa na mabibi. Hakuna aliyewaambia kitu.

"Na mama yake je?" nikauliza.

"Ma Leokadia anasema hiyo si kazi yake, ni kazi ya upande wangu."

"Basi nani amezungumza na mtoto?"

"Mimi."

Nikafurahi! Nikamwambia, "Hongera, baba wa kweli. Umemwambia nini?"

"Sikuwa na haja ya maneno," akasema. "Jana nilimtembeza makaburini, moja moja. Baba yangu mdogo. Kaka yangu. Dada yangu mkubwa, dada yangu anayenifuata. Nikamwambia, umeona? Akasema, nimeona, baba. Nikamwambia, ukiniletea hayo, kwangu usirudi. Basi. Ana akili, ameelewa."

Advera alikuwa anaangalia viatu vyake. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ukingo wa kanga ya mama yake aliyojifunga mabegani. Mikono, wanangu. Niliiona.

"Advera, hebu pita huku nyuma," nikamwambia, "nina neno la wanawake."

Ta Pastory akaweka kiganja chake juu ya kaunta. "Unakwenda kumpa nini?"

"Elimu."

"Hiyo ni ruhusa."

"Ta Pastory, mwavuli hauleti mvua."

"Bi Mwamvita, nakuheshimu," akasema, na uso umeshabadilika. "Usinifundishie mtoto umalaya."

Loo! Neno lile lilinichoma. Nilikuwa na majibu kumi, na wateja wanasikiliza. Nikaangalia yule binti, nikaona nikijibu nitamwadhibu yeye. Nikameza. Wakaondoka, na tangu siku ile Ta Pastory dawa zake za presha akawa ananunua kwingine. Hata salamu akaacha kuniletea. Nilikasirika, nikaumia pia, sitawadanganya.

Advera akarudi peke yake.

Ilikuwa muhula wa pili, vyuo havijafunga. Alasiri, mvua inapiga mabati, dukani hakuna mtu. Naona binti ameingia na begi dogo, amelowa, macho mekundu. "Shikamoo, bibi. Naomba Panadol."

Nikampa. Hakuondoka. Akasoma kalenda. Nikageuka nikaanza kupanga dawa za kikohozi ambazo zilikuwa zimeshapangwa, maana nilimjua ni nani na nilijua anatakiwa kuwa Mwanza.

"Bibi," akasema nyuma yangu. "Mtu akishaupata, anaishi muda gani?"

Nikageuka. Nikafunga mlango nusu, nikampa kiti, nikamwambia, "Haya. Anza."

Ana mchumba chuoni, wanasoma darasa moja. Walikuwa wameamua kujikinga, hawakuwa wajinga. Lakini hakuna aliyewahi kuwaambia lile la mafuta. Walitumia mafuta ya mgando, mpira ukapasuka. Yeye akaogopa mimba. Yule kijana akakaa kitandani akaanza kulia, akamwambia, "Nisamehe, mimi nimezaliwa nao." Alikuwa na virusi tangu tumboni mwa mama yake. Dawa alikuwa nazo, ila tangu aje chuo alikuwa hazimezi sawasawa, anawaogopa wenzake chumbani wasije wakaona kopo.

Msimtukane yule kijana, nawaona mnavyokunja nyuso. Mtu anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi vikafifia kabisa, haambukizi mwenzake, na anazeeka kama mimi. Angekuwa amefundishwa hivyo, angemeza kifua mbele. Wazazi wake walimfundisha jambo moja tu: ficha.

"Ilikuwa lini?" nikamuuliza Advera.

"Juzi. Usiku wa kuamkia juzi." Siku ya kwanza alijifungia analia. Ya pili akatafuta nauli. Leo alfajiri akapanda basi, na lilipofika Muleba akaogopa kushuka. "Nilitaka nimwone mama mara moja tu," akasema. "Kabla hayajaanza kuonekana."

Kuna dawa za kinga, wanangu, shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Likitokea jambo kama hilo, unakimbia hospitali siku hiyo hiyo. Unaanzishiwa vidonge, unavimeza mwezi mzima, na virusi vinazuiwa visijenge nyumba mwilini. Lakini lazima vianze ndani ya siku tatu, na mapema ndiyo bora. Zikipita, havikusaidii tena. Advera alikuwa na saa chache za jioni ile, na Mwanza alikotoka dawa zilikuwepo, na yeye kapanda basi kutwa nzima kuja kuaga!

"Inuka!" nikamwambia. "Inuka twende hospitali, dawa ipo!"

Akaniangalia kama niliyemwambia habari ya kitoto. "Bibi, nimeyaona makaburi."

"Makaburi hayo ni ya watu waliokosa dawa! Wewe dawa ipo hapo juu, bajaji moja tu. Twende."

Hakuinuka. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akatikisa kichwa. Pale hospitalini, akasema, kuna muuguzi wa kwao Buganguzi, anaimba kwaya moja na mama yake. Atamwona. Habari itafika nyumbani kabla yake.

"Wewe ni mtu mzima," nikamwambia. "Huhitaji ruhusa ya mtu kutibiwa."

"Najua, bibi. Sitaki ruhusa. Namtaka baba." Kisha akasema neno ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya. "Heri nife nikiwa bado mtoto wake, kuliko nipone nikiwa si wa mtu."

Sasa mngefanya nini nyinyi? Mzee Kamugisha alinifundisha siri ya mteja haivuki kaunta, hata kwa mume, hata kwa mama. Namba ya Ta Pastory nilikuwa nayo tangu enzi za dawa za presha. Simu iko mkononi mwangu. Nikiipiga, nimemsaliti. Nisipoipiga, binti anakaa pale kwenye kiti mpaka jua linazama. Nilimbembeleza. Nilimtajia watu ninaowajua wanaoishi na virusi na wamesomesha watoto mpaka wajukuu. Hakuna. Mwishowe nikapandwa na hasira, nikapiga kaunta kwa kiganja mpaka chupa zikalia. "Kama ni baba ndiye anayekuua, basi tumalizane na baba kwanza! Mpigie wewe. Mimi sitaigusa hiyo simu."

Alilia sana. Kisha akatoa simu yake, akaiweka juu ya kaunta, akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Na ilipoanza kuita, akapiga magoti. Binti wa Kihaya hazungumzi na baba yake akiwa amesimama. Hapo sakafuni, nguo zinachuruzika maji, uso umeelekea kwenye simu.

"Advera?" Sauti ya Ta Pastory. Nyuma yake mvua, na mtu anapiga kelele kuhusu kahawa iliyoanikwa, iingizwe ndani upesi. Binti akamsalimia kwa Kihaya, baba akaitikia. Kisha akasema, "Baba..." na sauti ikakatika. Akaniangalia. Nikamuuliza kwa macho, naye akakubali kwa kichwa.

"Ta Pastory, ni Mwamvita. Mwanao yuko hapa dukani."

"Dukani kwako? Bukoba? Anafanya nini Bukoba?"

Nikamweleza. Sikupamba, sikupunguza. Kondomu, kupasuka, kijana, siku ya tatu.

"Wewe!" akafoka. "Wewe ndiye uliyemtia katika haya! Nilikuambia siku ile! Nilikuambia, Mwamvita!"

"Nitukane kesho, kutwa nzima, nitakuja mwenyewe Buganguzi unitukane," nikamwambia. "Leo hatuna muda. Dawa ipo, na jua linakwenda, na mtoto hataki kwenda kuimeza kwa sababu yako."

Nilisikia mvua tu. Yule wa kahawa akamwita tena, hakuitika. Mimi nimeshika kaunta kwa mikono yote miwili, namwomba Mungu simu isikatike, maana mvua ikinyesha mtandao wa huku mnaujua.

"Dawa ipo?" akauliza, na sauti sasa ndogo.

"Ipo."

"Inazuia?"

"Ikianza sasa, ndiyo, kwa sehemu kubwa sana. Kesho, hapana."

Kisha akasema, "Advera."

"Baba."

"Najua umepiga magoti. Inuka. Inuka, mwanangu, uende."

Bajaji iliyotupeleka ilikuwa inavuja, na dereva anataka kutusimulia habari za mpira wa miguu. Nilimwambia anyamaze aendeshe. Pale hospitalini kulikuwa na foleni, na mimi sina aibu, nilipita mbele nikamwambia daktari neno moja mlangoni, akatuingiza. Daktari kijana mstaarabu. Akampima kwanza, hana. Akampa na kidonge cha kuzuia mimba. Akaandika dawa ya kinga. Dirisha la dawa lilikuwa linafungwa, funguo zinalia, nikatia mkono dirishani wasifunge. Na aliyemletea kikombe cha maji ya kumezea alikuwa yule yule muuguzi wa Buganguzi. Advera alipomwona aliganda. Yule mama akasema, "Meza, mwanangu, usimeze na tumbo tupu kesho, kitakutapisha," akaenda zake kufanya kazi nyingine. Mpaka leo hakuna neno lililofika kwaya.

Akameza. Nikakaa naye kwenye benchi.

Ta Pastory alifika giza likianza kuingia, kwa pikipiki, na mabuti ya shambani, matope mpaka magotini. Advera akataka kushuka kupiga magoti, baba akamshika bega, akamkalisha, akakaa naye. Mimi nikasogea mbali nisiwasikilize, lakini alisema kwa sauti, hakujali.

"Nilikuonyesha kaburi la shangazi yako mkubwa," akasema. "Sikukuambia alivyokufa. Alikuwa anafanya biashara mpaka Uganda. Alirudi amekonda, na baba yangu akamkataza kuingia ndani. Alilala jikoni kwa jirani. Mama alikuwa ananipa uji nimpelekee kwa siri. Nilikuwa naogopa, nauweka dirishani nakimbia. Alikuwa ananiita kwa jina langu, na mimi nakimbia." Akajifuta uso na mkono wenye matope. "Nilidhani nikikuonyesha kaburi, nimekuambia yote. Kumbe hata mimi lile nililokuambia, kwamba usirudi, ni maneno ya baba yangu. Nisamehe."

Sijawahi kusikia Mhaya wa umri wake akimwomba mwanawe msamaha. Nililia hadharani, na mnajua mimi si wa kulia.

Ule mwezi wa vidonge haukuwa mchezo. Vilimzungusha kichwa, vilimtapisha, mara mbili alinipigia simu kutoka chuoni akitaka kuacha, nikamkaripia. Baba yake alimpigia kila jioni kuuliza kitu kimoja, kama amemeza. Yule kijana naye akarudi kwenye dawa zake vizuri, kopo juu ya meza. Kama bado ni wachumba, hayo si yenu.

Na Ta Pastory alirudi kununua dawa za presha kwangu. Siku moja akasema, macho yapo kwenye kalenda, "Bi Mwamvita, yale uliyotaka kumwambia siku ile, niambie mimi. Nina wengine wawili nyumbani." Nikamweleza, yote, joto, mafuta, tarehe, siku tatu. Masikio yalimwiva. Alinisimamisha mara nyingi, akatoka nje kupunga upepo, akarudi. Ma Leokadia yeye alikuja mwenyewe baadaye, na sasa anazungumza na watoto jikoni wakimenya ndizi, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mtu haoni haya sana. Huo ni ujanja wake, mimi sikuwa nao. Mwibieni.

Kipimo cha mwisho Advera alikuja kupimwa hapa Bukoba likizo ilipofika. Nilimsindikiza. Majibu tukayaona sisi wawili kabla ya mtu mwingine, nikamwambia apande gari aende nyumbani akaseme mwenyewe. Yaliyofuata nimeyapata kwa baba yake, na ndiyo ninayotaka muwasimulie wazazi wenu leo jioni, kabla hamjamaliza kufunga mabegi.

"Alifika saa ya chakula," aliniambia Ta Pastory. "Akasimama uani, haingii. Akasema, baba, nina majibu. Nikamwambia, nawa mikono, ule. Akasema, baba, hutaki kusikia? Nikamwambia, mama yako ameshapakua, kaa ule. Tukala wote sahani moja. Alipomaliza akasema, baba, sina. Nikamwambia, nimefurahi, mwanangu. Lakini hata ungekuwa nayo, ungekula hapa hapa."